Msaka Vipaji Aliuliza Habari za Dada Yako

S.L.P. 618,
Lukachukai, Arizona.
Jumapili, 28 Aprili 2019.

Mpendwa mwanangu Harlan,

Wewe! Baridi nne zimepita hujakanyaga hapa. Nne! Mbwa niliyemlea tangu macho hayajafunguka amekua, amezaa, na harufu yako haijui. Ukija leo atakung'ata, na mimi sitamzuia. Unatuletea picha za meli. Mimi nizitazame meli za nini? Mwanamume mwenye mama, mwenye dada aliye hai, mwenye watoto wa dada zake wanaomhitaji mjomba wao, anakwenda kuishi kwenye mvua kuchomelea vyuma vya watu. Haya, nimeshafoka. Sasa nakusalimu.

Hujambo, baba? Unalala? Unakula nyama, au bado wanakulisha wale samaki? Na mkeo Denise hajambo, mgongo wake umepoa? Mimi mzima. Goti la kushoto tu ndilo linalonung'unika upepo ukivuma, na Aprili hii upepo haujapumzika ila siku moja tu, mchanga umo mpaka ndani ya unga. Kondoo aliye juu ya kilima bado namwona. Tundu la sindano ndilo silioni tena.

Anayeandika ni Shandiin, binti wa dada yako Lavina. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Shule siijui, na wewe unajua ni kwa nini: wenzangu walipopakiwa kwa nguvu kwenye lori la shule, baba yangu alinificha korongoni na kondoo, nikabaki na kondoo mpaka leo. Simu nayo hapa mpaka upande kilima, na nikishapanda unaniambia, "Mama, niko kazini." Karatasi haitaniambia iko kazini.

Wana-kondoo ni thelathini na mmoja mwaka huu. Koyote, yule mbwa-mwitu mdogo mwizi, alichukua wawili, tukampiga risasi ya mkia, akaenda kuwasimulia wenzake. Hizo ndizo habari nzuri. Nimezimaliza.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Ni habari za Terrill, mtoto wa dada yako, huyu niliyemlea tangu ana miaka sita mama yake alipotutoka. Unajua anavyocheza mpira wa kikapu pale chuoni. Mwaka huu, wa tatu, walianza kuja watu wa timu za kulipwa kumtazama. Wanakaa juu kabisa kwenye viti, hawapigi makofi, wanaandika. Walimpima urefu, wakampima kiganja, wakampima mikono ikiwa imenyooshwa, wakaona inazidi urefu wake kwa shibiri nzima. Walimrukisha juu wakapima anafika mpaka wapi. Nilipoambiwa nilicheka, nikasema wamemfungua na mdomo kuhesabu meno? Nilicheka, lakini tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kitu kinapimwa hivyo kinapokaribia kuondoka zizini.

Katikati ya Machi mmoja wao akaja mpaka hapa nyumbani. Bwana Haggerty, mrefu, kichwa hakina unywele, na gari dogo la kukodi ambalo lilizama kwenye tope la korongo. Lavina alikwenda kumvuta kwa pikapu. Alifika viatu vimejaa udongo mwekundu, na kwa kuwa kondoo jike mmoja alikuwa anazaa vibaya saa ileile, nilimpa miguu ya mbele aishike. Aliishika. Mwana alipotoka mzima, yule mzungu alipiga kelele kama goli limeingia. Kwa hiyo nikampa mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, nikamkalisha karibu na jiko.

Nikamwuliza kwa mdomo wa Shandiin, "Mnamtakia nini kijana wangu?"

Akasema, "Bibi, nimemtaka kwa sababu siwezi kusema nafasi yake ni ipi. Ni fowadi, lakini nikimpa mfupi mwenye mbio amkabe, anamkaba. Nikimpa jitu la chini ya kikapu, halimsogezi. Anapiga kutoka mbali, anagawa mipira. Watu kama yeye ni wachache."

Nikasema, "Mwambie huyo ni mbwa mzuri wa kondoo. Kuna wanaojua kukimbilia mbele kuligeuza kundi, kuna wanaojua kukaa nyuma kusukuma wavivu. Mmoja akijua yote mawili, jirani zako wataanza kumtupia nyama."

Akacheka, akaliandika. Mpaka hapo tulikuwa tunakwenda vizuri.

Kumbe hakuja kwa ajili ya mpira. Mpira walishauona. Alikuja kutuangalia sisi. Akauliza, "Ni mzuri kiasi gani, kwa maoni yako?" Nikamjibu, "Si mbaya. Kuni binamu yake Orlando anakata vizuri zaidi." Shandiin alinifinya. "Bibi! Wanataka umsifu!" Nikamwambia, nimsifu mtoto wangu mwenyewe mbele ya mgeni, mimi nauza godoro? Akauliza, "Mbona tukizungumza naye hatutazami machoni?" Nikasema, "Kwa sababu nimemlea." Hilo Shandiin hakulitafsiri lote, lakini aliandika kitu.

Kisha akauliza, "Akivunjika goti mwaka wa kwanza, familia itafanyaje?" Ndani ya nyumba yangu! Moto unawaka, mtoto hayupo, mtu anamvunja goti kwa maneno. Nikasema hapa ndani hatusemi hivyo. Akaomba radhi, akageuza ukurasa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu mwenye adabu, "Na mama yake alifariki kwa ugonjwa gani?"

Harlan, wewe unajua sisi, aliyekufa hatumtaji jina. Miaka kumi na tano sijalitaja jina lake. Wala hujalitaja wewe. Niliinuka, nikachukua fimbo, nikatoka nje nikaenda zizini, nikasimama kule mpaka nikasikia gari linaondoka. Nilijiona nimefanya sawa. Nilimlinda mtoto. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na fimbo yangu mkononi, mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye kocha alimpigia Terrill. Timu zimesikia familia inaficha jambo. Wengine wanasema labda ni pombe, wengine labda ni dawa za kulevya, wengine labda kijana ana jeraha la zamani tunalifunika. Pombe! Dada yako, ambaye hata bia hakujua inafunguliwaje.

Terrill akaja Jumamosi, anafunga mlango wa gari kama anapiga mtu kofi.

"Bibi, ulimwambia nini yule mzee?"

"Sikumwambia kitu."

"Ndiyo hivyo sasa! Hukumwambia kitu! Umeinuka ukamwacha na bakuli mkononi!"

"Alikula, lakini?"

"Bibi, bwana!" Akashika kichwa, halafu akacheka bila kutaka, unamjua. "Ulimwambia Orlando ananizidi."

"Kwa kuni."

"Basi nao wakamchukue Orlando akawakatie kuni."

Nikaona hasira imepungua, nikamwambia ashushe majani makavu ya kondoo, yalikuwa kwenye pikapu, marobota sita. La kwanza alilibeba begani kama mto wa kulalia. La pili, la tatu. La nne alilifikisha katikati ya uwanja akaliweka chini. Akashika nguzo ya zizi. Mkono mwingine ulikwenda kifuani, hapa, ukakaa.

Nikamwuliza, "Nini?"

"Vumbi, Bibi."

Harlan, upepo ulikuwa umelala siku ile. Siku moja tu mwezi mzima, na ndiyo siku ile. Hakukuwa na vumbi.

Nikamwendea, nikamshika kidevu, nikamgeuza anitazame, jambo ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza. Nikamwambia, sema. Akasema, "Mara mojamoja moyo unanidunda ovyo kama sungura kwenye gunia. Halafu unatulia. Usimwambie mtu, Bibi. Mpaka Juni tu, timu zikishachagua vijana wao, nitakwenda kwa daktari, naapa." Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka jana.

Nilikaa juu ya lile robota.

Kwa sababu nilikumbuka, mwanangu. Ile Jumamosi ya Chinle, mashindano ya wanawake, asubuhi kabla hatujapanda gari, dada yako aliegemea mlango wa gari akaweka mkono hapohapo. Nikamwuliza, nini? Akasema, "Sijalala vizuri, Mama." Nikampa chai. Chai, Harlan! Saa saba mchana wewe ulimbeba kutoka uwanjani mikononi mwako, kiatu kimoja kimebaki chini ya kikapu, na mimi nina chupa ile ya chai kwenye mfuko.

Sijawahi kumwambia mtu habari ya mkono ule. Wewe ni wa kwanza. Shandiin analia, nimemwambia alie huku anaandika.

Siku mbili nilichunga kondoo sioni kondoo. Niliwaza hivi. Kondoo jike akianguka ghafla malishoni bila koyote, bila nyoka, na mwanawe akaja kutetemeka miguu, mimi nasema kwa sauti kubwa, mbele ya kila mtu: damu hii ina kitu, itazamwe. Natembea mpaka kwa jirani aliyenunua ndugu zake, namwambia naye. Kwa kondoo nina mdomo. Kwa mwanangu nikaufunga, nikauita ufungaji huo heshima.

Nikakumbuka na ile karatasi ya chuo. Unaikumbuka? Miaka mitatu iliyopita ilikuja kwako kwa posta, ukaijaza wewe kama mjomba wake. Shandiin anayo nakala, nilimwambia anisomee. Pale wanapouliza kama kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla kabla ya miaka hamsini, umeandika: hakuna. Sikulaumu. Shika neno hili, sikulaumu, kwa maana najua ungependa kulichukua ulibebe peke yako kule kwenye mvua. Mimi ndiye niliyekufunza kunyamaza. Ulinyamaza vizuri, kama mwana mwema. Tumenyamaza wote wawili, na mtoto amekimbia miaka mitatu juu ya ukimya wetu.

Siku ya tatu nikamwambia Shandiin awashe pikapu, tukapanda kilimani, nikamwambia mpigie mzungu. Nikamweleza kila kitu. Alikuwa na miaka mingapi, alicheza dakika ngapi, alianguka vipi, bila kugusana na mtu. Nililitaja na jina lake, kwa sababu aliniuliza aliandike. Lilitoka kama mfupa unatoka kooni. Kisha nikataja mkono wa Terrill kwenye nguzo, na sungura wake.

Yule bwana aliandika yote, nasikia kalamu. Kisha akasema, "Bibi, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili. Niliwahi kumwona kijana mmoja akianguka. Mmoja. Jina la mjukuu wako nitalitoa kwenye orodha mpaka madaktari waseme. Siwezi kukuahidi litarudi. Lakini leo hii nampigia daktari, na wewe mwambie asikimbie hata hatua kumi."

Nikamwambia Terrill mwenyewe. Sikumtuma mtu.

"Bibi, umenimaliza."

"Nimekumaliza?"

"Miaka yote hii! Saa kumi na moja asubuhi naamka, narusha mipira mia tatu, barafu imeganda kwenye kikapu, na wewe umesimama pale na blanketi unanihesabia! Umenimaliza kwa simu moja!"

"Kama nilitaka kukumaliza ningenyamaza. Kunyamaza nakujua zaidi."

Siku nane hakunijibu. Alikula chakula changu bila kuniangalia, na safari hii haikuwa heshima.

Walimpima kule Flagstaff. Wameona nyama ya ukuta wa moyo imenenepa upande mmoja, damu inapita kwa kubanwa. Daktari ni msichana mdogo, ana subira, alinichorea. Alisema hajui bado. Kuna bingwa wa mioyo Phoenix atakayemwona tarehe 21 Mei. Wengine huambiwa wacheze kwa uangalifu, wengine huwekwa kifaa kidogo kifuani, wengine huambiwa basi. Nilimwuliza, na asipofanya lolote? Alinitazama tu. Hata watu wa shule, kumbe, kuna maneno hawayasemi.

Sasa Terrill yuko hapa nyumbani anachunga kondoo kwa mwendo wa mzee. Fikiria, miguu ile! Juzi alifungua mdomo mara ya kwanza: "Umenifanya mbwa wa nyuma, Bibi." Nikamwambia mbwa wa nyuma ndiye anayerudi nyumbani na kundi. Akacheka kidogo. Akiacha kucheka namsikiliza anavyopumua. Akiinama kufunga kamba ya kiatu namsikiliza. Naogopa akipanda, naogopa akiteremka, naogopa akilala chali. Mimi niliyewahi kumtoa nyoka kwenye kikapu cha sufu kwa mkono mtupu, leo naogopa kijana akipiga miayo.

Hataki kusema na mimi habari ya Phoenix. Anasema atasema na mjomba wake. Umesikia? Mjomba wake ni nani, kama si wewe?

Lakini hiyo siyo sababu kubwa ya barua hii. Nimezunguka kama kondoo anayeogopa maji. Basi ni hivi.

Yule daktari msichana aliniuliza, mama wa kijana amezaliwa na nani, na nani wengine wametoka tumbo hilo? Akasema kitu hiki hutembea ndani ya damu, mtu anaweza kuwa nacho miaka arobaini akijiona mzima, anabeba vyuma, anapanda ngazi, hajui. Wote wapimwe. Nilipimwa mimi, nikapakwa mafuta baridi kama ngozi inayolainishwa, wakasema moyo wangu ni wa punda. Lavina akapimwa, yuko salama. Shandiin salama. Orlando salama.

Amebaki mmoja.

Una miaka arobaini na nne. Denise alimwambia Lavina kwamba unacheza mpira wa kikapu kila Alhamisi na wazee wenzako wa kiwandani, na kwamba mwezi wa kwanza ulikaa chini katikati ya mchezo ukasema ni mafua. Mafua! Mmoja aliniambia usingizi, mmoja akaniambia vumbi, na wewe mafua. Nina watoto hodari wa kutafuta majina.

Acha huo mchezo wa Alhamisi. Leo, si kesho. Ukicheza tena kabla ya kupimwa, nitapanda basi mpaka huko na goti langu hili, nitaingia uwanjani na fimbo mbele ya wenzako wote.

Lavina anakusalimu, anasema pikapu bado inavuja mafuta palepale ulipoiacha. Orlando anakusalimu, kuni zake zimejaa ukutani. Shandiin anakusalimu, ana maandishi mazuri ila machozi yameharibu mstari. Terrill hakutuma salamu, alisimama tu mlangoni akasikiliza tukiandika hii, na kwake hiyo ni salamu. Wewe nisalimie Denise, mwambie aendelee kusema siri zako.

Utembee ukiwa na uzuri mbele yako, na nyuma yako, na chini ya miguu yako kwenye zile ngazi za meli. Moyo wako ukupigie taratibu mpaka unifikie.

Sasa sikiliza. Ukija, usipitie kwangu kwanza. Usigeuze gari kuja huku hata kama umeona moshi wa jiko langu. Nenda moja kwa moja Chinle, hospitalini, Jumatano tarehe 15 Mei, saa tatu asubuhi. Shandiin amekuandikisha. Vua shati, lala kimya, usiwachekeshe wauguzi. Watakupa karatasi. Wakikuuliza kama kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla, jibu ndiyo, na umtaje dada yako kwa jina lake. Ukishindwa kulitamka, nipigie kelele. Nitakuwa nje ya mlango, nitaingia nilitamke mimi.

Mama yako anayekupenda kuliko hasira zake,

Bertha Etsitty
(alama ya kidole gumba)